Kwa Zuhura, kuhusu siku sita za kumsubiri Salim

Moshi,
Tarehe 9 Juni

Rafiki yangu mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Sisi huku ni wazima, Mungu ashukuriwe, ila baridi ya Juni imeanza kutuuma masikio, na ni matumaini yangu kwamba wewe, watoto na mama mkwe wako hamjambo hapo Tanga. Najua nina deni la barua tangu Idi, na udhuru wangu ukiusoma utacheka, kwa hiyo nisamehe tu tuendelee.

Barua yako niliipata Jumamosi, na nimekwisha kuisoma mara tatu. Kwamba shemeji Salim na wenzake wa bandarini watapanda Mlima Kilimanjaro mwezi wa Agosti kwa njia ya Machame si habari ya kunishangaza, kwa kuwa bwana huyo ametishia kupanda tangu siku ya harusi yenu. Kilichonikera ni pale ulipoandika kwamba wewe, mama na watoto mtakaa Moshi siku sita "kumsubiri", na kwamba kama hakuna la kufanya ni afadhali mbaki nyumbani. Zuhura! Mimi nimezaliwa Marangu, nimeishi chini ya mlima huu miaka 41, na juu yake nimefika mara moja tu, tena kwenye kituo cha kwanza cha wapandaji, Mandara, mita 2,720, nikiwa kidato cha tatu na viatu vya shule. Marehemu mama yangu hakufika hata hapo. Je, sisi sote tulikuwa tunasubiri?

Kwanza lisahau wazo la hoteli. Mtalala kwangu hapa mjini siku mbili, kisha mtapanda Marangu kwa kaka, ambako chumba cha mama kipo wazi na choo kiko ndani, maana najua hilo ndilo utakaloniuliza. Kuku atachinjwa na jirani yetu mzee Jumanne, kama siku zile ulipokuja na Mwanaidi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hutainywa, lakini mtori, supu yetu ya ndizi, utaunywa mpaka useme basi, na wifi yangu haelewi neno basi.

Huko kwa kaka ndiko ninakotaka mkae zaidi, kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni kitu ambacho wageni wengi hukipita kwa gari wakidhani ni pori la migomba. Ukiingia ndani utaona kwamba kila kitu kimepangwa: miti mirefu ya kivuli juu kabisa, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, na magimbi na maharage yakitambaa mahali palipobaki, huku samadi ya ng'ombe wa zizini ikirudi kwenye mashina ya ndizi. Mpaka kati yetu na jirani ni mstari wa masale, mmea ule ule ambao Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea anapokwenda kuomba radhi. (Ningekuletea jani lake kwa ajili ya ule ukimya wangu, lakini lingefika Tanga limenyauka.)

Nyuma ya zizi unapita mfongo. Ukiutazama ni mfereji tu, unauvuka kwa hatua moja, lakini wazee waliuchimba kabla Wajerumani hawajafika, wakayachukua maji mtoni huko juu karibu na msitu na kuyaleta kwa kufuata ubavu wa kilima, bila pampu wala bomba. Zamu yetu ni Jumatano alfajiri. Kaka hutoka na jembe na kipande cha shina la mgomba, hulilaza shina hilo katikati ya mkondo, huliziba pembeni kwa tope, na kabla hajanyoosha mgongo maji yamekwisha kugeuka na kuingia kwetu, yakisukuma majani makavu mbele yake. Nataka watoto waamshwe siku hiyo hata wakilia. Wangu walipokuwa wadogo walikuwa wakishindanisha maganda ya ndizi katika mfongo huo, na ugomvi wa nani alishinda haujaisha mpaka leo.

Watu hudhani maji hayo ni theluji iliyoyeyuka, kumbe sehemu kubwa ni mvua inayonyesha msituni na kuzama ardhini. Shemeji ataupita msitu huo siku ya kwanza akilalamikia matope, wala hatajua kwamba amekanyaga jambo kubwa kuliko kilele. Yeye atapanda kuufuata mlima, nanyi mtakuwa mnaukuta ukishuka, mahali baada ya mahali.

Mahali pa kwanza ni Materuni, upande wa Uru, ambako maji huanguka kutoka kimo cha mita zaidi ya 80 na ukungu wake hukulowesha kabla hujafika karibu. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ni ya miguu na huteleza, kwa hiyo mama tutamwacha pale kijijini wanapotengeneza kahawa, na sidhani kama atasikitika. Kahawa iliyokwisha kukaushwa hutwangwa kwenye kinu ili maganda yatoke, hupepetwa kwa ungo, kisha hukaangwa kwenye chungu juu ya kuni huku mtu akikoroga bila kupumzika. Mwanzoni hunuka kama nyasi mbichi. Baadaye punje huanza kualika moja moja, rangi inageuka, na ghafla harufu unayoijua inajaa uwanja mzima na kukaa kwenye kanga yako mpaka kesho yake. Hutwangwa tena, safari hii kwa wimbo, na wageni wote hulazimishwa kushika mchi. Nitalipa fedha nzuri kumwona mama mkwe wako akiwakosoa namna ya kutwanga.

Kwa kuwa yeye alifundisha historia, nimemtengea asubuhi moja peke yake Old Moshi, kwenye mti ambapo Mangi (yaani chifu) Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mpaka sasa wanakitafuta. Hapo huwa sipigi picha, na naomba watoto nao waelezwe mapema. Tukishuka tutapita jengo la ushirika wa kahawa, KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ili mama amalizie somo lake kwa kikombe.

Chemka nimeiweka siku ya Jumanne, na siku hiyo haibadiliki. Ni chemchemi iliyo upande wa Boma Ng'ombe, bondeni kwenye vumbi na miiba, ambako baada ya barabara mbaya unakuta maji maangavu ya samawati chini ya mizizi ya mikuyu, yenye uvuguvugu tu ingawa watu huyaita maji moto. Mwaka jana nilimpeleka binti wa Mama Aikande siku ya Jumapili, kosa ambalo sitalirudia: magari yalikuwa yamejaa, muziki ulipigwa kutoka pande tatu, na kijana mmoja aliyejirusha kwa kamba alinitua begani. Jumanne mtasikia ndege. Kuna samaki wadogo wanaodonoa vidole vya miguu, na kijana wako wa mwisho atapiga kelele, ila baada ya dakika kumi hatataka kutoka.

Ziwa Chala, kule Rombo, tutaliona tukiwa juu ya ukingo, kwa sababu mteremko wa kuingia kwenye shimo lile si wa magoti ya mama, na kuogelea sitaruhusu. Mpaka wetu na Kenya unapita katikati ya maji, jambo ambalo watoto hulipenda bila sababu. Hakuna mto unaoonekana ukiingia; maji huja kwa chini ya ardhi, kutoka upande wa mlima, kama nilivyokueleza.

Kama bado mna nguvu, kuna hifadhi ya Arusha, ambayo kutoka hapa ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Humo watoto wanaweza kutembea kwa miguu na askari mwenye bunduki karibu na twiga na nyati, na kutazama mbega weupe. Kiingilio cha sisi raia ni cha shilingi na ni nafuu sana kuliko cha wageni, usisahau vitambulisho. Gari tutatumia la Kisanga. Usikubali mtu yeyote akuuzie "safari kamili" kwa simu, kwani binamu yako aliuziwa hivyo na kampuni ambayo sitaitaja, wakamkalisha saa mbili kwenye duka la vinyago, na maporomoko hakuyaona.

Wewe mwenyewe nina jambo nalo. Siku moja tutawaacha watoto kwa wifi, tuingie lango la Marangu mimi na wewe, tutembee polepole msituni mpaka Mandara, saa tatu hivi kwa mwendo wa wanawake wanaosengenya, tule chakula chetu na kushuka kabla ya jioni. Safari hii nitavaa viatu vya maana. Hapo shemeji akirudi na cheti chake, na wewe utakuwa na la kusema.

Jambo moja ni lazima nikwambie ukweli wake: mlima wenyewe unaweza usiuone. Miezi hii ya baridi hujifunika hata siku tatu mfululizo, na kama ukijitokeza ni alfajiri au jioni kabla jua halijazama. Nitawaamsha. Siku za mawingu nitawasimulia watoto hadithi ya vilele viwili vya mlima, jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa Kibo mara nyingi mno, akapigwa hata kichwa kikabaki kimepasukapasuka, na watakapouona watajua yupi ni yupi bila kuonyeshwa.

Sasa nijibu haya upesi. Mnafika tarehe ngapi hasa, na mnakuja kwa basi au shemeji amepata gari? Mama anaweza kupanda ngazi? Yule mtoto bado hali ndizi, au amekua? Watoto wana masweta, au niwaazime ya wangu? Mwanaidi amejifungua salama? Na yale machungwa ya Muheza uliyoniahidi mwaka juzi, yako njiani au nianze kuyasahau? Na mwisho, Salim amefanya mazoezi yoyote, au anadhani ngazi za ofisini zinatosha?

Nisalimie mama, mwambie kinu kinamsubiri.

Ni mimi rafiki yako,
Anasia