Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa leo. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, uliyeacha chumba cha mionzi na foleni ya wagonjwa ukapanda huu mlima wetu wa mawe kuja kutusikiliza. Mwaka huu klabu yetu ilishika mada moja tu, nayo ni jinsi wanasayansi wanavyotumia picha kuchunguza namna ubongo wa binadamu unavyofanya kazi mwenyewe akiwa hai.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa muda mrefu ubongo ulisomwa baada ya mwenye nao kufariki. Mwaka 1861, huko Ufaransa, daktari Paul Broca alimhudumia mgonjwa aliyeweza kutamka silabi moja tu, "tan", na ni baada ya kifo chake ndipo alipoona jeraha upande wa kushoto wa mbele wa ubongo. Picha ya kwanza ya CT-Scan, yaani mashine ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, ya ubongo wa mgonjwa ilipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, mwaka uleule ambao hapa Mwanza hospitali ya Bugando ilifunguliwa. Godfrey Hounsfield, aliyeunda mashine hiyo, aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo la hesabu zake lilimjia alipokuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town. Tunaona si haki kwamba jina la huyu wa pili halisikiki sana katika madarasa ya bara alilozaliwa.

Hata hivyo, CT-Scan huonyesha umbo. Swali letu lilikuwa juu ya kazi, na hapo ndipo tulipofika kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake, na kwa kuwa hauna ghala kubwa la chakula, sehemu inayofanya kazi huongezewa damu papo kwa papo. Damu hiyo huja na oksijeni nyingi kuliko inayotumika. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa na oksijeni na ikiwa imekwisha kuitoa haina tabia moja mbele ya sumaku, na mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba tofauti hiyo inaweza kuonekana kwenye picha. Kufikia mwaka 1992 njia hiyo ilikuwa inatumika kwa binadamu.

Sisi tuliielewa kwa kutazama ziwa. Usiku wa giza, ukisimama nje ya bweni letu, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetanda hadi upeo wa macho. Huoni dagaa hata mmoja, wala mtumbwi. Unaona taa, na kutokana na taa unajua kazi inafanyika wapi. Picha ya MRI ya namna hii nayo haionyeshi wazo. Inaonyesha damu iliyofuata kazi, tena kwa kuchelewa, kwani mwitikio wake hufika kileleni baada ya sekunde tano au sita hivi, na zile rangi nyekundu na njano tunazoziona hupakwa na kompyuta baada ya kulinganisha hali mbili, mtu akiwa ametulia na akiwa anafanya kazi fulani.

Tulitaka kujaribu kwa mikono yetu. Katika karne ya 19 Angelo Mosso wa Italia alimlaza mtu kwenye meza iliyosawazishwa kama mizani, akitarajia upande wa kichwa uzidi uzito mtu anapofikiri. Nasi tukaweka ubao juu ya bomba la chuma, tukamlaza mwenzetu wa kidato cha tatu, tukamuuliza 17 mara 23. Upande wa kichwa ukashuka, tukashangilia. Mwalimu akatuagiza turudie bila kuuliza swali lolote, na ubao ukashuka tena vilevile. Kilichousogeza kilikuwa pumzi yake, na mara ya tatu kilikuwa kicheko. (Lile swali, kwa taarifa, alilikosa.) Siku ile ndipo tulipoelewa kwa nini mgonjwa ndani ya MRI anasihiwa asitikise kichwa.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Craig Bennett walimwingiza samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu na "kumuuliza" wanajisikiaje. Sisi tuliokua tukiona sangara wakishushwa katika soko la samaki la Mwaloni tulicheka sana kusikia kwamba ndani ya kichwa cha samaki yule palionekana vidoa vya kazi. Watafiti hawakuwa wakitania. Picha moja ina vijisanduku maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikipimwa peke yake, na usiporekebisha hesabu, vichache vitawaka kwa bahati tu.

Pale hesabu inapofanywa kwa uangalifu, faida ni kubwa. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyelala bila dalili ya fahamu awaze anacheza tenisi, na ubongo wake ukaitikia kama wa watu wenye afya njema. Karibu zaidi na sisi, huko Blantyre nchini Malawi, kundi la Terrie Taylor lilionyesha mwaka 2015, kwa picha za MRI, kwamba watoto wengi waliofariki kwa malaria ya ubongo walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Kwa sisi wa kanda hii ya ziwa, ambako malaria ni ugonjwa wa kila nyumba, picha hizo zina uzito wake.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni kompyuta moja yenye uwezo wa kufungua picha za ubongo ambazo watafiti huziweka bure kwenye mtandao wa OpenNeuro, kwa sababu iliyopo huzimika kabla picha haijamaliza kufunguka. La pili ni kwamba, utakapopata nafasi, utuombee kibali cha kuitazama mashine ya MRI ikifanya kazi, hata kama ni kupitia kioo cha chumba cha mtaalamu. Tunafahamu kwamba sumaku yake, inayozidi ile ya dunia zaidi ya mara elfu ishirini, haizimwi hata usiku; funguo, mikanda na sarafu tutaziacha shuleni kwa mwalimu wa zamu.

Naomba kuwasilisha.