Kabla ya kuupeleka mfumo kwenye kivinjari, kaeni kaunta

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu wanaosema kampuni zenye mashine za AS/400, kompyuta za IBM za kuendeshea biashara, zitupe kila kitu zianze upya. Mimi ni karani wa ankara kwenye duka la jumla la vipuri vya magari, Barabara ya Nyerere. Skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, mistari 24 ya herufi 80, ndiyo iliyonisomeshea watoto. Msitegemee niitukane.

IBM ilizitoa mashine hizo mwaka 1988, na ukoo wake unaendelea hadi leo kwa jina la IBM i. Programu iliyoandikwa miaka ya 1990 kwa RPG, lugha ya programu ya mashine hizo, bado inapiga kazi kwenye mashine mpya. Ya kwetu inajua nani akopeshwe na nani alipe kwanza. Inajua punguzo la mafundi wa Gerezani, ambalo halijaandikwa popote pengine ila humo ndani. Ukiitupa, hayo utamuuliza nani?

Kwa hiyo wakubwa wetu walipoamua kuiacha ilivyo na kuiwekea kurasa za kivinjari kwa mbele, niliwaunga mkono. Kuna programu ya kati inayoidaka skrini ya zamani na kuigeuza ukurasa wa wavuti papo hapo. Ile programu ya zamani ya ndani haina habari. Sasa kijana wa mauzo akiwa Kariakoo anaiona stoo kwenye simu yake, hanisumbui tena.

Lakini waliokuja kutuwekea mfumo huo hawakukaa kaunta hata kidogo. Sisi tunapiga ankara bila kutazama kibodi: namba ya kipuri, idadi, Enter. F12 kwetu ni kurudi nyuma, F3 ni kutoka. Kwenye kivinjari F12 inafungua dirisha la watengeneza programu, nusu ya skrini inajaa msimbo, na F3 inaleta kisanduku cha kutafuta maneno. Mbele yangu fundi ameshika breki padi za Hiace, daladala ya watu iko juu ya jeki, ananiambia, "Mama, na wewe leo ndiyo unajifunza kazi?" (Na msiniambie nitumie kipanya; mkono ule unahesabu hela.) Ukurasa unaweza kuandikwa uvidake vitufe hivyo kabla kivinjari hakijavichukua. Kwa anayejua ni kazi ndogo, ila kwanza ajue kwamba tunavitumia.

La pili ni zito zaidi. Programu ya zamani ukiifungulia akaunti ya mteja ili urekebishe kitu, inaishikilia asiiguse mwingine mpaka utoke kwa utaratibu. Kwenye kivinjari mtu anafunga dirisha, anaondoka. Huko kwenye seva kazi yake bado iko hai na akaunti imeshikwa. Mwenzangu wa kaunta ya pili anaitaka akaunti hiyohiyo, anangoja, kisha anaambiwa rekodi inatumiwa. Na nani? Na mtu aliyeko kwa mama ntilie, anamalizia wali maharage.

Kwa sasa seva ipangwe ikate kazi yoyote isiyoguswa kwa muda fulani. Dawa hasa ni kutenganisha sehemu inayokokotoa bei na mikopo na ile inayochora skrini, ili ukurasa uulize, ujibiwe, na akaunti iachiwe hapohapo. Hiyo inataka mtu wa kukaa na RPG miezi, akiisoma mstari kwa mstari. Kwetu yupo mmoja, na anakaribia kustaafu. Mwekeeni vijana wawili pembeni yake tangu sasa, na Jumamosi asubuhi, foleni ikifika barazani, waleteni hao vijana kaunta wasimame nyuma yangu waone vidole vinavyokwenda.

Karani wa ankara,
Temeke, Dar es Salaam