Wazee wa vitabu vya Kiingereza mnawaonea

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Juzi kuna mwandishi wenu kaandika kwamba kompyuta zimewaumbua waandishi wa zamani wa Kiingereza, eti ukiingiza vitabu vyao kwenye programu unakuta maneno yaleyale yanajirudia kitabu hadi kitabu, kwa hiyo wote walikuwa wanadesa tu. Nilicheka kwanza halafu nikaudhika, maana mimi nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi na kosa kama hilo nimeshalifanya mwenyewe.

Wanafunzi wawili waliniletea insha zinazoanza sawasawa neno kwa neno, Jumapili moja asubuhi, jua linawaka, ndege wanaimba, basi nikawapa sifuri wote wawili bila hata kuwauliza. Kumbe mmoja anakaa mbele kabisa mwingine nyuma kabisa, ila wote walikaririshwa mwanzo ule shule ya msingi, kutoka kitabu kimoja cha insha za mfano. Sifuri zile mpaka leo zinaniuma.

Sasa kwa Waingereza kitabu cha mfano kilikuwa Biblia. William Tyndale alichapisha Agano Jipya kwa Kiingereza 1526, wakamnyonga na kumchoma moto 1536 huko Vilvoorde, Ubelgiji ya leo, halafu Biblia ya Mfalme James ilipotoka 1611 maneno ya marehemu yamo tele, waliopima wanasema kwenye Agano Jipya yanapita asilimia 80. Hiyo ndo watu waliyosomewa kanisani kila Jumapili, na nyumba nyingi kitabu chenyewe kilikuwa hichohicho. Mtu kalelewa na "ikawa" na "tazama" na "amin nawaambia", siku akishika kalamu unategemea aandike nini? Mwaka 1816 Gilbert Hunt wa New York aliandika historia ya vita ya Marekani na Uingereza iliyoanza 1812, yote kwa lugha ya Biblia, makusudi kabisa. Kilinganishe na kitabu kingine cha miaka ile kilichoandikwa kibibliabiblia, programu itakutolea vipande vya maneno manne manne vinavyofanana mpaka ujaze gunia, na inawezekana kabisa hao wawili hata kusikiana hawakuwahi.

Sisemi hawakuchukuliana, walichukuliana sana tu! Shakespeare, huyuhuyu ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari, habari za Warumi alizitoa kwa Plutarki, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia Kiingereza cha Thomas North cha 1579, na North naye alitafsiri kutoka Kifaransa siyo Kigiriki. Angalia jahazi la Kleopatra, malkia wa Misri, kwenye tamthilia ya Antony and Cleopatra. North anasema shetri, yaani sehemu ya nyuma ya jahazi, ni ya dhahabu, tanga za zambarau, makasia ya fedha yanapigwa kwa kufuata mlio wa zumari. Shakespeare kabeba vyote, shetri, tanga, makasia, zumari, hajaacha kitu, ila kaongeza kwamba tanga zinanukia mpaka upepo umezipenda, na maji yanayopigwa na makasia yanakimbia kuyafuata kama vile nayo yameshapenda. North hana hayo. Na wakati ule hakuna aliyeona ajabu, sheria ya kwanza ya hati miliki Uingereza imekuja 1710, na shuleni watoto walifundishwa kunakili sentensi nzuri kwenye daftari ili waje wazitumie.

Mnataka mwizi? Haya, mchukueni Laurence Sterne, mtunzi wa riwaya. Kabla yake mwandishi Mwingereza Robert Burton aliandika 1621 kwamba waandishi ni kama wauza dawa, kila siku wanamimina kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Sterne kwenye riwaya yake Tristram Shandy miaka ya 1760 analalamika vilevile, mpaka lini tutatengeneza vitabu vipya kwa kumiminamimina kama wauza dawa, na malalamiko hayo kayachota kwa Burton bila kumtaja! Aliyemgundua ni daktari wa Manchester, John Ferriar, miaka ya 1790, Sterne keshakufa zamani, na hakukuwa na kompyuta, alikuwa kasoma tu. Wengine wanasema ulikuwa utani wa makusudi, mimi nacheka kila nikisoma kwa hiyo nimeshamsamehe.

Kwa hiyo namuomba mwandishi wenu asituhesabie tu vipande vilivyofanana, atuambie ni vipande gani. Kama ni "ikawa siku zile" hajatuambia kitu. Mwalimu yeyote anajua, majibu sahihi yakifanana unapita tu, ila wawili wakikosea kosa moja la ajabu, kwa mfano wote wameandika jina la mto kwa herufi zilezile zisizokuwepo, hapo kuna mtu kapiga chabo. Aje na kosa la hivyo kutoka kwenye hivyo vitabu vyake, nitaandika barua nyingine ya kuomba radhi.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro