Barua kwa Mwanangu Kuhusu Lehemu

Kongwa, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Majibu ya vipimo vyako nimeyasoma mara mbili. Umefurahi kwamba lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) imefika milimoli 1.7 kwa lita, na kwa hiyo ile mbaya (LDL), 4.2, unaona haina neno. Mimi imenikosesha usingizi.

Juzi nilifungua dumu la mafuta ya alizeti lililosahaulika dirishani tangu kiangazi, kifuniko kimelegea. Rangi ilikuwa ileile ya dhahabu, lakini harufu ilinipanda puani kama ya rangi ya kupakia mlango. Hewa na jua vilikuwa vimeyachachisha. Jambo la namna hiyo hutokea pia mwilini: lehemu mbaya ikizidi katika damu, chembe zake hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo, na oksidisheni, yaani kuchachishwa na oksijeni, ikaanza kuyaharibu mafuta yaliyomo. Seli nyeupe, ambazo kazi yake ni kusafisha, huzimeza chembe hizo zilizoharibika bila kujua kutosheka, hadi zenyewe zinavimba kwa mafuta na kuonekana kama povu. Hapo ndipo utando unaoziba mshipa unapoanzia.

Watu wengi hujua kwamba lehemu nzuri huyaondoa mafuta yaliyozidi na kuyarudisha kwenye ini. Kazi yake nyingine haisemwi sana, nami ndiyo ninayotaka uielewe: hubeba kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) kiitwacho paraoksonesi, ambacho watafiti wa Manchester, Uingereza, walionyesha mwaka 1991 kwamba huzuia mafuta ya lehemu mbaya yasichache. Ni mlinzi, mwanangu, na mlinzi hapimwi kwa idadi tu. Moshi wa sigara hukidhoofisha kimeng'enya hicho, na kisukari kisichodhibitiwa nacho humpunguzia mlinzi huyo nguvu, ilhali kipimo chako kinahesabu kiasi cha lehemu na hakisemi inafanya kazi vizuri kiasi gani.

Mwaka 2006 majaribio makubwa ya dawa iitwayo torcetrapib yalisitishwa: lehemu nzuri ilipanda sana kwa waliopewa dawa hiyo, lakini vifo viliongezeka. Kwa hiyo namba hiyo ya 1.7 usiifanye ngao. Wala usikimbilie vidonge vya vitamini E kwa kuwa huzuia oksidisheni kwenye chupa za maabara. Vilipojaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa, havikupunguza mshtuko wa moyo.

Kinachoweza kupunguzwa ni hiyo 4.2, kwa sababu chembe zikiwa chache katika damu, zinazonasa ukutani na kuharibika huwa chache pia. Rudi kwa daktari umwulize kuhusu hiyo, na umweleze kwamba babu yako alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 54. Sigara nazo, ambazo dada yako ameniambia umeanza kuvuta, nakuomba uziache wiki hii hii, baba. Ukishamwona daktari, niandikie alivyokujibu.

Mama yako