Barua kwa Zuhura: kabla hujachimba

Mtambwe, Pemba
Mwisho wa Februari

Kwako shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama anakusalimu sana na anauliza mjukuu wake ameshaota meno. Nisalimie shemegi Haji na Bi Mkubwa.

Mchoro wako wa kiambo niliupata Ijumaa. Nimeutandaza juu ya mkeka na siku tatu hizi kila nikimaliza kazi narudi kuuangalia. Nyumba, kisima, banda la kuku, bustani, mifereji iliyopinda kufuata mteremko, bwawa la samaki kule chini. Unapendeza, lakini Zuhura, hilo ni shamba langu ulilolichora. Mifereji uliiona kwangu ulipokuja mwaka juzi, na mengine umeyatoa katika vitabu vya pamakalcha, ule ukulima wa kupanga shamba lifuate maumbile. Kiwanja chako kiko Makunduchi, Unguja, juu ya maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe. Naomba usichimbe hata shimo moja mpaka uimalize barua hii.

Mimi niko kilimani, udongo wa huku mzito. Maji ya masika hayawahi kuzama, hukimbilia bondeni na udongo wangu yakaondoka nao. Mifereji nimeichimba kukata mteremko ili maji yasimame, yanywewe taratibu, na juu ya tuta nimepanda migomba na miti ya gilirisidia. Na hata hivyo nilikosea. Mwaka wa kwanza nilikisia kwa macho, mfereji ukainama upande mmoja, mvua ya usiku mmoja ikaupasua. Udongo wote ulishukia mpunga wa jirani, ndio kwanza unachipua. Nilikwenda kumwomba radhi huku nalia. Tangu siku ile sipigi jembe kabla sijapima: fito tatu nimezifunga mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati. Kamba ikituama kwenye alama niliyoitia katikati ya fito ya kukingama, miguu miwili iko usawa.

Kwako maji hayakimbii, yanazama. Mvua ikipiga maweni, muda si muda imeshapotea katika nyufa, na huko chini inakutana na maji ya bahari. Ndiyo maana visima vingi vya pwani yenu vina chumvi. Mifereji itakinga nini? Na hilo bwawa, bila ya kulisakafia chini na pembeni, halitakaa maji hata wiki. Futa vyote viwili, na fedha ya bwawa iweke kwenye tangi.

Hesabu ya tangi nimekufanyia. Paa lako ni mita 9 kwa 10, yaani mita 90 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo mvua ya milimita 10 inakupa lita 900, ukitoa kidogo inayomwagika. Wewe umechora tangi la lita 1,000. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hizo ni siku nane tu! Tangi la lita 10,000 litakwenda siku themanini na kitu, linakuvusha kiangazi cha Januari na Februari. Na kulijaza si kazi, mwezi wa Aprili peke yake unatosha. Mvua ya mwanzo iache imwagike, ioshe vumbi na mavi ya ndege kwenye bati.

Choo umekiweka mita kumi kutoka kisimani. Hapana, shoga yangu. Hata huku kwenye udongo tunaambiwa mita 30, sembuse juu ya mawe yenye nyufa, ambapo uchafu unateremka bila ya kuchujwa. Kisogeze mbali kabisa, na kisima usikinywe.

Tuje kwenye udongo, maana hapo ndipo utakapopata riziki. Wazee wa huko hawahangaiki kulima kiwanja kizima. Wanatafuta vishimo vya asili baina ya mawe, penye udongo mwekundu au mweusi, wanapanda humo. Wewe pita na kijiti ukichomachoma, kila kishimo ukipe alama kwenye mchoro. Hivyo ndivyo vitanda vyako, hata kama havikai kwa mstari. Vijaze majani, samadi, maganda ya nazi, na mwani unaotupwa pwani. Mwani uache upigwe na mvua kwanza utoke chumvi. Shimo kubwa kuliko yote, kama liko karibu na nyumba, lizungushie migomba na mipapai, takataka za jikoni zitupwe katikati, na maji ya kuogea yaelekezwe humo humo. Kwangu migomba ya shimo kama hilo haijawahi kunyauka kwa jua.

Bustani ya mboga umeipeleka pembe ya mwisho. Nakujua, asubuhi una mtoto mgongoni na chai motoni, huko hutafika. Bill Mollison na David Holmgren, walioanzisha pamakalcha kule Australia miaka ya 1970, walipanga shamba kwa kufuata nyayo: unachokiendea kila siku kikae karibu na mlango, unachokiendea mara moja kwa mwezi kiende mbali. Basi mchicha, bamia, pilipili na mnavu viwe mlangoni mwa jiko. Kuku wafuate. Muhogo na mbaazi nyuma yao. Kile kichaka cha upande wa kusi ulichokiandikia "kufyeka", kiache kama kilivyo. Upepo wa kusi unakuja na chumvi ya bahari moja kwa moja, na kizuizi kama kile ukikifyeka leo utangoja miaka mingi kukipata tena.

Kwenye minazi ukiona maji moto, wale chungu wekundu, wamejenga viota vya majani, wavumilie. Wanauma, najua, lakini wanawafukuza wadudu wanaofyonza vidaka mpaka vikapukutika.

La mchele nitakwambia ukweli, kwani nimeona umeandika "kujitosheleza kwa kila kitu". Mchele utanunua, na sukari, na mafuta ya taa. Mimi nina bonde na bado nanunua. Nia yako iwe mboga, mayai, muhogo, matunda na kuni visitoke dukani. Hilo linawezekana, na Bi Mkubwa atakusaidia kuliko vitabu, maana maweni yale ameyalima tangu hajaolewa. Kaa naye, mwoneshe mchoro.

Masika haya usipande kitu kikubwa. Toka nje mvua inaponyesha, angalia maji yanasimama wapi hata kwa nusu saa, weka jiwe pale.

Kwa boti ya Jumamosi nakutumia machipukizi mawili ya mshelisheli, nimeyatoa na mizizi yake na kuyafunga kwa magome ya migomba yaliyorowana. Huo mti unastahimili ardhi ya mawe, nao huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ndani ya mfuko kuna fiwi na mbaazi za mbegu, pishi moja. Shemegi ayapokee mapema bandarini Malindi, mjini Unguja, yasikae juani.

Wako,
Mwanakhamis