Barua kwa rafiki kuhusu kelele za ndani ya gari

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unaniambia kwamba gari lako linakwenda vizuri na injini haina neno, lakini kila unapopita kwenye barabara mbovu dashibodi inalia na mlango wa abiria unatatarika, na kwamba fundi mmoja ameshakushauri ufungue dashibodi nzima. Nakuomba usikubali kwanza. Kufungua dashibodi ni kazi ya mwisho, na gari linalofunguliwa kabla ya kujulikana kelele inatoka wapi mara nyingi hurudi na kelele mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu klipu, yaani vibanio vidogo vinavyoshikilia plastiki, zimekatika na skrubu moja mbili hazikurudishwa mahali pake.

Kelele hizi ziko za namna mbili, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni ule mlio mwembamba unaotokea vitu viwili vinaposuguana: vinashikana kwa kitambo kidogo mno, vinaachiana, vinashikana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na huko kushikana na kuachiana ndiko kunakotoa sauti. Ya pili ni ya kugongana: kitu kimelegea, kimepata nafasi, na gari likitikisika kinapiga kilicho jirani yake. Vinavyosuguana vinataka vitenganishwe kwa kitambaa au vilainishwe, na vinavyogongana vinataka vikazwe, au nafasi iliyo kati yake ijazwe kwa kitu laini. Ukipaka grisi kwenye kipande kilicholegea umeipoteza grisi yako bure, na ukivibana zaidi vipande vinavyosuguana huenda ukauzidisha mlio.

Umeniuliza kwa nini dashibodi hulia asubuhi kukiwa na baridi, kisha mchana ikanyamaza. Sababu ni kwamba plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma inachofungiwa. Plastiki ya ABS, ambayo hutumika sana ndani ya magari, hutanuka mara sita hivi au zaidi kuliko chuma cha bodi: kipande chake cha urefu wa mita 1 kikiongezewa joto la nyuzi 40 za Selsiasi hurefuka kwa karibu milimita 3, ilhali chuma cha urefu huohuo hakifiki hata nusu milimita. Ndiyo maana watengenezaji huacha nafasi ndogondogo na kutumia klipu zinazoruhusu vipande kusogea. Kwa hiyo itafute kelele katika hali ileile ya hewa inayoileta. Ukimpelekea fundi gari la asubuhi wakati wa adhuhuri, atakuambia halina kasoro, na atakuwa anasema kweli.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, toa kila kitu kisichokuwa sehemu ya gari. Safisha mifuko ya milango, droo ya dashibodi, sehemu ya sarafu na chini ya viti. Nenda kwenye buti ukatoe jeki, spana na tairi la akiba, uache buti tupu kabisa. Angalia pia mkanda wa kiti ambao haukufungwa, kwa sababu ulimi wake wa chuma huning'inia na kugonga plastiki ya nguzo iliyo kati ya milango, na kelele yake humdanganya mtu akadhani mlango umelegea. Kisha endesha. Nina hakika utashangaa kuona ni kiasi gani cha kelele kimebaki kwenye kapu ulilotoa nje.

Kama bado inasikika, tafuta mtu wa kuendesha ili wewe ukae upande wa abiria na mikono yako iwe huru. Zimeni redio na feni, fungeni vioo, mwende polepole kwenye barabara ile inayoileta kelele. Bonyeza kwa kiganja sehemu moja baada ya nyingine: ukingo wa dashibodi ulio karibu na kioo cha mbele, matundu ya hewa, kifuniko cha droo, plastiki ya nguzo, sehemu ya juu ya mlango. Sauti ikikoma chini ya mkono wako, umekaribia. Uamini mkono kuliko sikio, maana sauti husafiri ndani ya chuma na hurushwa na kioo cha mbele, kiasi kwamba kitu kinacholia kulia kinaweza kusikika kama kiko kushoto. Gari likiwa limesimama, unaweza pia kugonga paneli taratibu kwa ngumi, au kupiga muziki wenye besi nzito kupitia spika za milango, kwa kuwa besi huitikisa paneli kama barabara inavyoitikisa na hapo utaweza kuinama na kusikiliza kwa utulivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii utainama sana.

Kuna kelele ambazo hazitoki ndani hata kama zinasikika ndani. Ikiwa sauti inapanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini wakati gari limesimama, shuku kinga ya joto ya bomba la moshi au mpira unaoshikilia injini. Ikiwa inabadilika unapokata usukani, unapokanyaga breki au gurudumu linapoingia kwenye shimo kwa kishindo, hiyo peleka kwa fundi wa miguu ya gari bila kuchelewa, kwa sababu inahusu usalama wako na haingoji sponji wala tepu.

Sasa mlango wako, ambao nadhani ndio ulio rahisi. Teremsha kioo nusu na uutikise mlango kwa mkono. Kikigonga, tatizo liko kwenye reli au kwenye mashine ya kioo. Kisipogonga, huenda ni paneli. Tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya mshikio na chini ya vifuniko vidogo, uzitoe zote, ndipo uibandue paneli kwa kifaa cha plastiki, kwa maana bisibisi ya chuma huacha kovu lisilofutika. Ingiza kifaa karibu kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili, na uvute kwa uthabiti. Itaachia kwa mlio mkavu. Klipu iliyobaki kwenye chuma cha mlango, au iliyopasuka shingo, usiirudishe, nunua nyingine ya aina hiyohiyo. Kisha igeuze paneli na uitazame mgongoni ukiwa na tochi. Mahali vitu vinaposuguana, plastiki huwa imeng'aa kama imepigwa msasa laini, na mara nyingi kuna vumbi jeupe pembeni yake. Alama hiyo ndiyo ushahidi wako. Usipoiona, bado hujapata chanzo. Angalia vilevile nyaya na fimbo za kufuli: waya uliotoka kwenye kishikio chake hupiga chuma kwa sauti kubwa kuliko unavyoweza kuamini.

Kwa nyaya na kingo za plastiki, tumia ile tepu ya kitambaa ambayo mafundi umeme wa magari huitumia kufungia nyaya. Haitelezi kwa joto kama ile ya plastiki wala haiachi gundi inayonata. Kujaza nafasi, sponji ngumu isiyofyonza maji inafaa. Karatasi iliyokunjwa usiiweke kamwe, kwani hunyonya unyevu, hulegea na kuanguka ndani ya mlango. Raba za milango zisafishe kwa kitambaa chenye maji, uziache zikauke, kisha uzipake grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya kawaida inayotokana na petroli huvimbisha raba hizo na kuziharibu. Wengi hukimbilia WD-40, ile dawa ya kupuliza ambayo iliundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Itanyamazisha kelele kwa siku chache, kisha utarudi palepale. Silikoni ya kupuliza nayo ipulizie kwenye kitambaa kwanza, ili matone yake yasifike kwenye pedali, usukani au breki.

Rafiki yangu, hapa naomba unisikilize kwa makini zaidi. Nguzo za pembeni ya kioo cha mbele, usukani, dashibodi upande wa abiria, na pembeni mwa viti vya mbele katika magari mengi, kuna eabegi, yaani mifuko ya hewa inayofumuka gari linapogonga. Ukikutana na soketi za rangi ya manjano, huo ndio waya wake. Usifungue sehemu hizo kabla ya kuzima swichi, kutoa terminali hasi ya betri na kusubiri kwa muda ambao kitabu cha gari lako kimeagiza, kwa kuwa umeme hubaki kwenye mtambo wake hata betri ikiwa imetolewa. Na nyuma ya plastiki ya nguzo yenye eabegi usijaze sponji wala kubandika tepu, hata kama kelele inatoka hapohapo, kwa sababu unaiziba njia inayotakiwa kufunguka ndani ya kufumba na kufumbua. Boliti za viti na za mikanda nazo mwachie fundi mwenye spana ya kupimia nguvu.

Ukishamaliza mlango, endesha kwenye barabara ileile kwa mwendo uleule kabla ya kugusa dashibodi, ili ujue kilichopona ni kipi. Halafu niandikie unieleze mambo matatu: kama dashibodi inanyamaza unapobonyeza ukingo wake wa mbele, kama inalia hata gari likiwa na joto, na kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, kwa maana nyakati nyingine vipande vinavyozunguka kioo havirudishwi sawasawa. Nikipata majibu hayo nitakuchorea mahali klipu zinapokaa kwa kawaida, na pengine hutahitaji kufungua zaidi ya kipande kimoja.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.