Asante mama wa kitenge cha kijani

Jamani huyu mama jina lake silijui ila lazima nimshukuru, alikuja na kitenge chake kanunua Mtaa wa Uhuru nimshonee, akaona koti langu jeupe la chuo cha uuguzi limening'inia nyuma ya cherehani, akauliza la nani, nikamwambia la yule niliyekuwa kabla ada haijanishinda. Wala hakunipa pole (pole nimezichoka mwenzenu). Akasema mwanangu koti lina mifuko mizuri hivi mbona hulivai kazini? Basi siku hizi nalivaa, mfuko huu chaki huu futi, na yule nesi mtarajiwa wala sigombani naye tena. Mama ukipita Kariakoo njoo bana, gauni likikubana nakupanulia bure kabisa.